Taa ya Rejeta

Kitinda alisema hapandi gari lile, na Kitinda akishasema, amesema. Alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba mpaka ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki, shuka ameivuta hadi kidevuni. Nje gari la kliniki lilikuwa linapiga honi, ile honi ya adabu ya dereva wake, fupi, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kubisha.

"Unalisikia?" aliuliza dada yake.

"Nalisikia."

"Basi?"

"Basi liende. Mimi siendi kuchaguliwa."

Dada mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, hakujua kubembeleza. Mapacha wake mwenyewe hakuwabembeleza, na walikua wakanyooka wakaenda zao. Alikuwa na stashahada ya umeme wa magari, karakana yake uani nyuma ya nyumba, na mdomo usio na breki. Mdogo wake huyu, wa mwisho kuzaliwa kwa mama yao, alihamia kwake siku figo zilipogoma, na tangu hapo Mama Pacha alimtunza kama alivyotunza kila kilichoingia uani: kwa kelele, na kwa mikono isiyochoka.

"Kitinda, sikia nikwambie. Figo zako zimelala fofofo. Ile mashine ya kliniki ndiyo inakukojolea. Usipokwenda leo, maji yatapanda mpaka kwenye mapafu, utazama hapo hapo juu ya godoro, na mimi unajua sijui kuogelea."

Kitinda nusura acheke. Kisha uso ukarudi ulipokuwa.

"Juzi taa imewaka, dada. Tulikuwa ndani wote watatu. Imewaka tukiwa njiani kurudi, nyekundu, ile yenye alama ya rejeta. Hakuna aliyesema kitu mpaka nikashuka."

Hadithi ya taa hiyo Mama Pacha alikuwa ameshaisikia mara nyingi, na kila mara aliikata katikati. Gari lilikuwa la kliniki ya figo, basi dogo la kuwachukua wagonjwa majumbani na kuwarudisha. Mwanzoni walikuwa watano. Siku moja taa ya maji ya rejeta iliwaka kwenye dashibodi. Dereva akasimama, akafungua boneti, akakuta maji yamejaa tele. Wiki haikwisha, mwalimu mstaafu aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma akafariki. Taa ikatulia. Miezi ikapita, ikawaka tena, na tena maji yalikuwa yamejaa. Safari hii aliyeondoka alikuwa fundi cherehani, mama mchangamfu aliyekuwa akiwashonea wenzake mifuko ya kubebea dawa. Walipobaki watatu walianza kupanda gari huku macho yote yako kwenye dashibodi, kama watu wanaosubiri majina yasomwe.

"Sensa imeoza," alisema Mama Pacha. "Ni kidude cha plastiki chenye vijiti viwili vya chuma, kimekaa ndani ya tanki la maji. Vijiti vikioza kinadanganya. Hakijui wewe ni nani."

"Basi kitengeneze."

"Nitakitengeneza. Wewe panda kwanza."

"Kitengeneze kwanza," alisema Kitinda. "Na ujue nitakuwa hapa dirishani nakuangalia. Nawajua nyie mafundi. Taa ikiwasumbua mnaunga nyaya mbili, inanyamaza, mnasema imepona. Ukiinyamazisha tu, nitajua."

Mama Pacha akageukia mlango. Hilo la kuunga nyaya lilikuwa limeshampitia kichwani.

Alitoka na ndara zake za kuogea. Dereva, ambaye kwa uendeshaji wake alipewa jina la Taratibu na hakuwahi kulikataa, alikuwa amesimama kando ya gari amevua kofia. Alikuwa mtu mzima, mpole, shati lake limepigwa pasi hata kwenye mikono.

"Wengine wako wapi?"

"Wamekataa, Mama Pacha. Mzee wa Redio amenijibu kupitia dirishani, hata mlango hakufungua. Binti Hesabu kazima simu."

Basi Mama Pacha akampigia simu nesi wa zamu. Nesi akasema mashine zipo mchana, ila zamu ya mchana ikishaanza hawapokei mtu tena, awe nani. Mama Pacha akashukuru, akamgeukia Taratibu.

"Liingize uani. Leo tunalimaliza."

*

Boneti ilipoinuliwa, tanki la maji lilikuwa limejaa mpaka kwenye mstari. Hilo alilitegemea. Alichomoa soketi ya nyaya kwenye sensa, na ndani akakuta unga wa kijani, mwingi, umejazana kama ukungu kwenye mkate. Hilo nalo alilitegemea. Akaizungusha sensa yenyewe akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa, akaisogeza kwenye mwanga.

Kijiti kimoja kilikuwa kizima, kinang'aa. Cha pili kilikuwa kimeliwa kikabaki chembamba kama mwiba wa samaki.

"Hii umeibadilisha lini?"

"Baada ya yule mama mshonaji," alisema Taratibu. "Ilikuwa mpya, kwenye boksi lake."

"Na ile ya kabla yake?"

Taratibu alikwenda kwenye kisanduku cha dashibodi, akarudi na leso iliyokunjwa vizuri. Ndani yake zilikuwemo sensa mbili nyingine, safi, zimepangwa ubavu kwa ubavu kama meno ya mtoto yaliyotunzwa. Zote mbili kijiti kimoja kizima, kingine kimeliwa. Upande ule ule.

"Unazitunza za nini?"

"Sijui. Nilishindwa kuzitupa."

Mama Pacha aliziangalia kwa muda. Kutu ya kawaida haichagui. Maji mabaya yanakula pande zote mbili, kama mchwa kwenye fremu ya mlango. Chuma kikiliwa upande mmoja tu, ujue kuna umeme uliopotea njia, unapita ndani ya maji kutafuta pa kutokea, na kila unapopita unachukua kidogo. Hilo alifundishwa chuoni mwaka wa kwanza, na lilimpa ahueni. Umeme uliopotea unatafutwa. Unapatikana.

Alirudisha sensa mahali pake kwa muda, akachukua mita, ncha nyeusi akaibana kwenye betri, nyekundu akaichovya ndani ya tanki. Mita ikaonyesha namba ndogo isiyo na maana.

"Washa injini."

Namba haikutikisika. Akamwambia awashe taa kubwa, kisha feni, kisha vifuta kioo, kisha redio. Kila kimoja wakakiacha kidogo, wakakizima. Hakuna. Alisogeza nyaya kwa mkono, akagonga fyuzi, akamwagia maji kwenye soketi. Na taa ya dashibodi, iliyokuwa imewatoa watu roho, ilikaa pale kimya, nyeusi.

"Haiwaki," alisema Mama Pacha.

"Nilitaka kukwambia," alisema Taratibu kwa sauti ya chini. "Likiwa tupu haiwaki."

"Unasemaje?"

"Nalileta kwa mafundi, haiwaki. Nalala nalo nyumbani, haiwaki. Naendesha peke yangu mpaka kituo cha mafuta na kurudi, haiwaki. Inawaka wakiwemo wao tu."

Mama Pacha hakupenda jinsi alivyosema wao. Aliinua macho dirishani. Pazia lilikuwa limesogezwa, na uso wa Kitinda ulikuwa pale, umevimba chini ya macho, unatazama. Mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Jua lilikuwa limeshapanda lakini uani kulikuwa kumefifia, kama chumba chenye taa inayokaribia kuungua.

"Ingia ndani," alimwambia Taratibu. "Kaa kwenye viti. Kimoja kimoja."

Taratibu aliingia akakaa. Akahama. Akakaa tena. Kila alipohama chemchemi za kiti zilitoa mlio, na Mama Pacha aliinamia mita yake, na namba ilikuwa ile ile.

"Uzito si tatizo," alisema. "Sawa. Sasa sikiliza. Fanya kila unachofanya siku ya safari. Kila kitu. Usiruke hata kimoja, hata kama unaona ni upuuzi."

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia wanapopanda."

Taratibu alishuka, akafungua mlango wa pembeni. Alisimama pale kidogo kwa aibu, mtu mzima anayeambiwa acheze mchezo wa watoto. Kisha mwili wake ukakumbuka kazi. Alinyoosha mkono wa kulia, akaushika mkono usiokuwepo, akauongoza juu ya kidato.

"Taratibu, mzee wangu, hapo hapo. Redio yako iweke miguuni." Akageuka. "Binti, mkanda." Akajifanya anaufunga mkanda kwenye kiti kitupu, akauvuta kuona kama umekaza. Akageuka tena, na sauti yake ikazidi kuwa laini. "Njoo, mama. Leo miguu haitaki? Pole. Njoo nyuma, nyuma kuna nafasi ya kunyoosha."

Mama Pacha alikuwa mbele kwenye boneti, anamsikia tu. Injini ilikuwa inanguruma polepole. Alijikuta ameshikilia ncha ya mita kwa nguvu kupita kiasi, akajicheka moyoni, na kicheko hakikufika mbali.

Namba ikaanza kupanda.

Ilipanda bila haraka, kama maji kwenye ndoo. Ilipita pale ambapo mtu angesema ni kawaida, ikaendelea kupanda, na ndani ya tanki, kwenye kijiti kilicholiwa, viputo vidogo vidogo vikaanza kuachia kimoja kimoja na kuelea juu. Mama Pacha aliinama kando akachungulia kwenye kioo cha mbele. Taa ya rejeta ilikuwa imewaka, nyekundu.

"Umefanya nini?" aliita.

"Sijafanya kitu."

"Umegusa nini huko nyuma?"

"Sijagusa kitu, Mama Pacha. Namfunika."

"Unamfunika nani?"

"Si umesema nifanye kama siku zote?"

Alizunguka gari kwa haraka. Taratibu alikuwa amepiga magoti katikati ya viti, anakunjia kingo za blanketi la kijivu kwenye kiti cha nyuma kabisa, anazipachika pembeni kwa uangalifu, kama anayemfunika mtu aliyelala asiamke. Blanketi lilikuwa limetuna katikati, kwa jinsi alivyolikunja, umbo la magoti. Kutoka kwenye pindo lake ulitoka waya mweusi, ukaingia kwenye tundu lililofungwa ubavuni mwa gari.

Lilikuwa blanketi la umeme. Yale ya safari, ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara.

"Chomoa," alisema.

Taratibu alichomoa. Mbele, taa ikazimika.

*

Baada ya hapo kazi ikawa kazi. Hita ya nyuma ya gari ilikuwa imekufa siku nyingi, na kliniki haikuwa na mpango wa kuitengeneza. Wagonjwa wakitoka kwenye mashine hutetemeka. Taratibu alimwonea huruma mwalimu, akanunua blanketi, na kwa kuwa tundu la sigara lilikuwa mbele, akajifungia lingine nyuma kwa mikono yake. Waya wa kuleta umeme aliuvuta vizuri. Waya wa athi, ule wa kuurudisha umeme, alitafuta chuma kilicho karibu akaufunga hapo. Chuma hicho kilikuwa bomba la maji la hita ile iliyokufa, lililoshikizwa kwenye bodi kwa kibano kilicholika kutu. Umeme ukifika hapo unakosa njia nzuri, unaingia kwenye maji, unasafiri chini ya sakafu mpaka kwenye injini, unapita kwenye sensa, unaila.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Taratibu.

"Ni waya. Nipe tupa."

Alilala chini ya gari, akaukata waya ule, akakwangua rangi kwenye bodi mpaka chuma kikawa cheupe, akaufunga hapo kwa boliti. Akafungulia maji yote, yalitoka ya rangi ya chai, akasafisha, akajaza mapya yenye dawa. Sensa mpya alikuwa nayo stoo, ya gari la aina hiyo hiyo. Yote hayo aliyafanya akiwa anasema na mikono yake, kama kawaida, kaza hapo, legeza hapa, na Taratibu anampa vifaa. Mpaka alipokuwa anaikaza sensa mpya ndipo swali lilipomjia, na akatamani lisingemjia.

"Blanketi ni moja tu?"

"Moja."

"Na wao walikuwa watano. Unampa nani?"

"Nauliza nani ana baridi. Nampa mwenye baridi kuliko wote."

Mama Pacha aliendelea kukaza, ingawa ilikuwa imeshakaza.

"Mwanzoni ulimpa mwalimu."

"Ndiyo. Alikuwa anatetemeka mpaka miwani inacheza."

"Halafu?"

"Halafu alipoondoka, hali ya hewa ikawa nzuri, likakaa tu. Baadaye mama mshonaji akaanza kulalamika vidole." Taratibu alikuwa anaikunja leso yake, anaikunjua. "Mama Pacha, mimi sikuwahi kuviweka pamoja. Naapa. Taa iko mbele, blanketi liko nyuma."

"Na juzi?"

Manyunyu yalikuwa yanagonga bati la karakana. Taratibu alitazama dirishani kwenye nyumba, akatazama chini.

"Juzi alikuwa nalo Kitinda," alisema.

*

Alipoingia chumbani, Kitinda alikuwa bado yuko dirishani, ameketi kwenye stuli, anapumua kwa mdomo. Kila pumzi ilikuwa na sauti ndogo mwishoni, kama bawaba.

"Umeitengeneza au umeinyamazisha?"

"Nimeitengeneza. Twende."

"Nimemwona," alisema Kitinda. "Alikuwa anakifunika kiti changu. Akakifunika vizuri kabisa, na wewe huku mbele ukaruka kama umekanyaga msumari. Ni blanketi, siyo?"

Mama Pacha alifuta mikono kwenye sketi. Angeweza kusema chochote. Lakini hakuwahi kumdanganya mteja juu ya gari lake, na hakuona aanzie kwa mdogo wake.

"Ni blanketi. Waya wake ulifungwa vibaya, ukawa unatia umeme kwenye maji. Blanketi likiwashwa, taa inawaka. Ndiyo hadithi yote."

"Na blanketi anapewa mwenye baridi kuliko wote."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo taa haikukosea hata mara moja."

"Taa ilikuwa inapima blanketi, Kitinda."

"Na blanketi linapima nini?"

Mama Pacha alikaa kitandani. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na zamu ya mchana inakaribia. Alimtazama mdogo wake. Vidole vyake vilikuwa vya rangi ya nta kwenye kucha. Alikuwa amevaa sweta juu ya sweta. Lini ameanza kuvaa masweta mawili? Alikuwa akiyafua yeye mwenyewe na hakujiuliza.

"Baridi hii imeanza lini?"

"Ipo tu. Ya kwangu imezidi tangu mwezi uliopita."

"Umemwambia nesi?"

Kitinda alimshangaa. "Nimwambie ya nini? Nilimwambia Taratibu. Akanipa blanketi."

"Na mwalimu alimwambia nesi?"

"Mwalimu hakuwa mtu wa kulalamika. Alisema akishafunikwa anajisikia yuko peponi."

"Na mama mshonaji?"

Kitinda alivuta sweta la juu mpaka kwenye vidole. Uani Taratibu alikuwa amewasha gari, injini yake ilinguruma sawasawa, bila kosa lolote.

"Inuka," alisema Mama Pacha. "Hiyo baridi ni ugonjwa unaozungumza. Damu imepungua, au moyo, au mashine inakutoa maji kupita kiasi, mimi si daktari. Ila mwenye gari akiniletea taa imewaka, siifuniki kwa blanketi nikamwambia nenda salama. Leo utamwambia nesi kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimesimama hapo."

"Na wakisema ndiyo imeshafika hivyo?"

"Tutakuwa tumejua."

"Wewe hilo ni rahisi kulisema."

"Si rahisi," alisema Mama Pacha. "Vaa viatu."

Kitinda akanyoosha mguu uliovimba, na dada yake akapiga magoti, akamvalisha. Viatu havikuingia. Alimvalisha ndara za kuogea, zile zile alizotoka nazo asubuhi, yeye akatafuta nyingine.

*

Waliwapitia wengine wawili. Mzee wa Redio alitoka baada ya Kitinda kumwita kwa jina la utani kupitia dirisha la gari, akapanda huku anashika redio yake kifuani. Binti Hesabu, msichana aliyefanya kazi ya hesabu ofisini, alipanda bila kusalimia mtu, akafunga mkanda mwenyewe. Wote wawili, kabla hata ya kukaa, walitazama dashibodi. Mama Pacha alikuwa amekaa mbele karibu na Taratibu.

"Imepona," alisema. "Waya ulifungwa vibaya, nimeuhamisha. Haitawaka tena ovyo."

"Ulikuwa waya wa nini?" aliuliza Mzee wa Redio, ambaye alikuwa ametengeneza redio za watu maisha yake yote na hakuridhika na jibu fupi.

Kitinda ndiye aliyejibu kutoka nyuma.

"Wa blanketi."

Hakueleza zaidi. Hakukuwa na haja. Mama Pacha aliwaona kwenye kioo cha juu, mzee akitafuna midomo, akihesabu nyuma. Binti akifumba macho. Gari lilikwenda. Wakafika barabara kuu, wakapita ukuta mrefu wa shule, wakashuka kwenye daraja. Manyunyu yalikuwa yamegeuka ukungu, na vioo vikawa vyeupe kwa ndani.

Taratibu, kwa mazoea ya miaka, alipofika pale anapouliza kila siku, akauliza. Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

"Nani ana baridi?"

Wote watatu waligeukia vioo.

Blanketi lilikuwa nyuma, kwenye kiti kilichobaki kitupu. Taratibu alikuwa ameshalichomeka kabla ya kuondoka, na sasa lilikuwa limepata moto. Harufu ya sufu inayopashwa ilijaa garini. Hakuna aliyeligusa. Binti Hesabu alikuwa amekalia mikono yake.

"Mimi niko sawa," alisema Mzee wa Redio. Meno yake yaligongana kwenye neno la mwisho.

"Na mimi," alisema binti. "Tena nasikia joto."

Walikwenda hivyo mwendo mrefu, watu watatu wanaotetemeka wanaojizuia kutetemeka, na kiti kitupu chenye joto katikati yao. Mama Pacha alitaka kugeuka awagombeze, na akagundua kwamba hana la kuwagombeza. Yeye ndiye aliyeitoa hofu kwenye taa. Sasa hofu ilikuwa imepata pengine pa kukaa, pa karibu zaidi.

"Mimi nina baridi," alisema Kitinda.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeomba maji.

"Ninayo tangu naamka mpaka nalala. Iko ndani ya mifupa. Leo namwambia nesi."

Gari likapita kwenye shimo, likatikisika, likatulia.

"Mimi naisikia kwenye meno," alisema Mzee wa Redio baadaye. "Usiku naamka nadhani ni mtu anabisha."

Binti Hesabu alianza kulia bila sauti. "Mimi siku zote," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Taratibu alipangusa uso kwa kiganja. Mama Pacha hakugeuka. Alikuwa anaitazama ile alama ya rejeta kwenye dashibodi, nyeusi, safi, haina kosa, kazi ya mikono yake mwenyewe. Mbele lilikuwa limeshaonekana geti la kliniki. Ndani ya kliniki kulikuwa na nesi mmoja, na daktari anayekuja mara moja moja, na jambo la kwanza watakalomuuliza ni nani kazidiwa, waanze na nani. Asubuhi ile ile, kabla hajashika bisibisi, lilikuwepo gari linalojua jibu.

Alinyoosha mkono akagonga kioo cha dashibodi kwa ukucha, mara moja, kama anavyogonga geji iliyoganda. Taa haikuwaka. Na nyuma yake wote watatu walikuwa wameacha hata kutetemeka, wanasubiri itamtaja nani.